Trekta Kuukuu la Bustani: Ugonjwa wa Theluji Huanzia Kwenye Nyasi

Trekta la bustani likigoma kuwaka asubuhi ya theluji ya kwanza, mwenyewe hulaumu baridi. Likigoma nyasi zinapoanza kurefuka, hulaumu kukaa muda mrefu. Nimefungua mashine hizi za kutosha kuona kwamba lawama zote mbili kwa kawaida hazimwendei mhusika. Petroli iliyosahauliwa ndani ya kabureta baada ya ukataji wa mwisho ndiyo inayokuacha na koleo mkononi theluji ikiwa imefika magotini. Maji ya theluji yaliyopenya kwenye kiungio cha waya ndiyo yanayokukatia umeme miezi kadhaa baadaye, jua likiwa la utosi. Hitilafu unaiona leo lakini ilipandwa msimu uliopita, na anayetaka kuipata haraka huanza kwa kuuliza trekta lilikuwa likifanya kazi gani kabla ya hii.

Ninazungumzia matrekta yale mazito ya zamani. Mashine nyepesi za kukatia nyasi zenye kiti, ambazo fremu yake ni bati lililokunjwa, ni habari nyingine. Namaanisha ukoo wa Cub Cadet ambayo International Harvester iliingiza sokoni mwaka 1961, John Deere 110 ya mwaka 1963, Wheel Horse za South Bend, Indiana, kabla na baada ya Toro kuinunua kampuni hiyo mwaka 1986, mpaka John Deere 318 iliyotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1992. Vyuma vyake ni vinene, na fremu ilibuniwa ibebe zana za kila namna: deki ya kukatia nyasi tumboni, bamba la kusukuma theluji mbele, au kirusha theluji chenye parafujo kubwa inayozunguka. Ndiyo maana mengi bado yanapiga kazi. Na ndiyo maana mwili mmoja unabeba maradhi ya aina mbili, ya joto na vumbi, kisha ya baridi na maji.

Nianze na umeme, kwa sababu huko ndiko watu wanakopiga ramli zaidi. Unageuza ufunguo, unasikia "tak" moja, halafu kimya. Mtu hununua betri mpya. Ikishindikana hununua stata. Ikishindikana hununua selenoidi, ile swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye stata, na trekta bado linasema "tak". Multimita ya kawaida kabisa ingemaliza ubishi huo kwa dakika tano.

Betri iliyojaa na iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Stata inapozunguka, itashuka, lakini ikienda chini ya 9.6 au hapo jirani, betri ndiyo mgonjwa na hakuna haja ya kuendelea mbele. Ikibaki juu ya hapo huku stata ikijikokota au isizunguke kabisa, sasa tafuta volti zinapotea wapi. Weka waya mweusi wa multimita kwenye ncha hasi ya betri, ile ncha yenyewe ya risasi, usiweke kwenye kibanio cha waya. Waya mwekundu uguse chuma kitupu cha injini. Mwambie mtu ageuze ufunguo. Kama yote yako sawa utaona sehemu ndogo tu ya volti, moja au mbili za kumi. Ikizidi nusu volti, njia ya ethi, yaani ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma, imeoza mahali fulani. Kisha hamia upande wa chanya: kutoka ncha chanya ya betri hadi kwenye bolti ya stata. Ukisoma volti 12 nzima huku ufunguo umegeuzwa, umeme haujavuka selenoidi.

Kwa nini nusu volti iwe jambo kubwa? Stata inaweza kuvuta amperi 100 na zaidi. Kwa mkondo wa amperi 100, ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu unakula volti nzima. Kutu nyembamba ambayo huioni kwa macho, chini ya bolti inayobana waya wa ethi kwenye fremu, inatosha. Na bolti hiyo mara nyingi iko chini ya betri, mahali ambapo mvuke wa tindikali hukutana na theluji yenye chumvi iliyorushwa na magurudumu. Chumvi ile haiondoki theluji ikiyeyuka. Inakaa hapo kiangazi kizima ikitafuna.

Katika baadhi ya matrekta injini imekaa juu ya mipira ya kupunguza mtikisiko, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo mkondo wote wa stata unategemea ukanda mdogo wa waya unaounganisha injini na fremu. Ukanda huo ukikatika nyuzi nusu yake, hutaiona dalili siku ya joto. Siku ya baridi, oili ikiwa nzito, utaiona. Dawa ninayoipenda ni waya mnene mpya kutoka ncha hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bolti ya injini, chuma kikiwa kimesuguliwa kwa msasa mpaka kimeng'aa, na grisi ikapakwa juu baada ya kubana. Ni kazi ya nusu saa ambayo hutahitaji kuirudia kwa miaka.

Nyaya nene zikiwa nzima na selenoidi bado inalalamika, fuata waya mwembamba unaoiamuru. Waya ule umezunguka: swichi ya ufunguo, swichi ya kanyagio la klachi au breki, swichi ya klachi inayoendesha zana, na katika baadhi ya matrekta ile ya kiti pia. Kila kituo kinatoza ushuru wake. Baada ya miaka 40, umeme ulioanza safari na volti 12 unafika umebaki na 9, na selenoidi haiwezi kuvuta. Wengi hapa huchukua kipande cha waya wakaziruka swichi zote, na trekta linawaka kama mpya. Mimi sikubaliani nao kabisa. Swichi ya kiti ndiyo inayosimamisha visu ukianguka. Safisha viungio, badilisha swichi iliyochoka, au funga rilei ndogo (swichi inayoendeshwa na umeme) ili njia ndefu ya zamani ibebe mkondo mdogo tu wa kuamuru, na selenoidi ipate umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye betri. Usalama unabaki na ugonjwa umeondoka.

Kuhusu betri na baridi, jambo moja tu. Betri iliyojaa vizuri haigandi hata baridi ikishuka nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyoisha ina maji mengi kuliko tindikali, na nyuzi chache tu chini ya sifuri zinatosha kuigandisha na kuipasua. Kwa hiyo betri iliyoachwa bila chaji tangu nyasi za mwisho haifi kwa sababu ya baridi. Baridi inaikuta imeshadhoofika.

Umeme wa kuwashia ni ulimwengu mwingine, na hapa matrekta ya zamani yana raha yake. Injini za Kohler za mfululizo wa K zilifungwa kwenye Cub Cadet, John Deere na Wheel Horse nyingi za miaka ya 1960 na 1970, na pointi zake zimekaa ubavuni mwa injini, nje kabisa, chini ya kifuniko kidogo cha bati. Fungua kifuniko utaona vipande viwili vidogo vya chuma vinavyokutana na kuachana, vikisukumwa na kijiti kinachotoka ndani kwenye kamshafti. Kila vinapoachana, cheche inapiga kwenye plagi.

Pointi zilizokaa bila kazi huota utando wa kijivu, mwembamba kuliko vumbi, na utando huo unatosha kuzuia volti 12. Kata kipande cha karatasi ngumu iliyo safi, kipitishe kati ya pointi zikiwa zimefungwa, kivute taratibu. Kikitoka na mstari mweusi, rudia kwa karatasi nyingine mpaka kitoke cheupe. Ukiona mafuta yamerowa humo ndani, kijiti kinavujisha oili kutoka kwenye injini, na kusafisha peke yake kutakurudisha hapohapo baada ya wiki chache. Pointi zilizoungua na kuchimbika vishimo zinakuelekeza kwa kondensa, kidude kinachozuia pointi zisiungue, na kondensa ni ya kubadilisha bila kujadili.

Mwanya wake ni milimita 0.5 pointi zikiwa wazi kabisa. Watu wengi huishia hapo na fila geji (vipande vya bati vya kupimia mwanya) mkononi, na trekta linawaka, basi. Lakini Kohler waliweka alama kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini), herufi S, inayoonekana kwenye tundu dogo la kuchungulia, na alama hiyo iko nyuzi 20 kabla ya pistoni kufika juu. Pointi zinapaswa kuanza kuachana pale S inapofika katikati ya tundu. Ondoa waya unaokwenda kwenye koili (inayozalisha umeme wa cheche), weka multimita kwenye omu kati ya pointi na ethi, zungusha injini kwa mkono polepole kuelekea upande wake wa kawaida. Sindano ikiruka kabla ya S, cheche inawahi, na injini itapiga mateke wakati wa kuwasha. Ikiruka baada ya S, inachelewa, na injini itachemka na kukosa nguvu kwenye nyasi nene. Rekebisha mwanya kidogo kidogo mpaka vitu hivyo viwili vikutane. Tofauti kati ya injini iliyopimwa kwa fila peke yake na iliyopimwa kwa S utaisikia kwa masikio kwenye mvuto wa kwanza.

Sasa petroli. Katika nchi nyingi petroli ya siku hizi imechanganywa na ethanoli, mara nyingi hadi asilimia 10, na ethanoli hunyonya unyevu wa hewa. Maji yakizidi, mchanganyiko huachana na kuzama chini ya tangi, na chini ya tangi ndiko injini inakokunywa. Juu ya hapo, mipira ya mafuta ya miaka ile haikutengenezwa kwa ethanoli. Inalainika, inapasuka ndani, na vipande vyake vinasafiri hadi kwenye kabureta. Ukibadilisha mpira mmoja badilisha yote.

Kabureta iliyokaa na petroli ya zamani hutoa dalili ambayo ukishaijua hutaisahau: injini inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama mtu anayepumua kwa shida, na ukivuta choki nusu inatulia. Maana yake hewa ni nyingi kuliko mafuta, na njia ndogo ya mafuta imeziba. Gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini, hana kosa ingawa ndiye anayeonekana akihangaika, mwache. Fungua bakuli la kabureta, toa jeti (kipande chenye kitundu kinachopima mafuta), uioshe, na ukihitaji kuizibua tumia uzi wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Waya wa chuma unapanua tundu, na tundu likishapanuka hakuna marekebisho yatakayolirudisha. Kabureta nyingi za zamani zina skrubu mbili za kurekebisha, moja ya mwendo wa polepole na moja ya mzigo. Zifunge mpaka ziguse kwa wepesi, usizikaze, kisha fungua ya polepole mzunguko mmoja na robo na ile kubwa kama miwili. Injini itawaka hapo, na utamalizia ikiwa imepata joto.

Kuna hitilafu moja inayowatoa watu jasho: trekta linawaka vizuri, linafanya kazi robo saa, linazimika, linakataa, linapumzika, kisha linawaka tena kana kwamba halikufanya kitu. Wezi hapa ni wawili na dalili zao zinafanana. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi likiziba, tangi hushika ombwe na petroli hugoma kushuka. Koili ikizeeka, ikipata joto huacha kutoa cheche, ikipoa inarudi. Kuwatofautisha lazima uwe tayari papo hapo. Trekta linapozimika, usiguse kitu kingine, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikawaka, umemkamata wa kwanza. Bila hivyo, chomoa plagi hapohapo injini ikiwa moto na uangalie cheche, mbali na petroli iliyomwagika. Ukisubiri ipoe ndipo upime, kila kitu kitapima kizuri na utabaki unajikuna kichwa.

Kabla ya msimu kubadilika mimi hufunga bomba la petroli na kuiacha injini inywe yote iliyomo kwenye kabureta mpaka ijizimie yenyewe. Petroli inayobaki tangini ipate dawa ya kuihifadhi, au ihamishwe. Kwa trekta linalofanya kazi zote mbili huo ndio ulinzi wenye faida kubwa kuliko wote, kwa sababu kati ya nyasi za mwisho na theluji ya kwanza kunaweza kupita wiki nyingi ambazo mtu haziiti "kuhifadhi". Anadhani trekta liko kazini. Petroli haijui hivyo.

Na katika wiki hizohizo panya huhamia. Injini hizi hupozwa kwa hewa: flaiwili ina mapanga yanayovuta upepo, na kava la bati huuelekeza kwenye mapezi ya silinda. Chini ya kava hilo ni pakavu, ni giza, na nyasi zilizokauka zilizovutwa humo kiangazi kizima ni godoro tayari. Trekta likiwashwa kwa ajili ya theluji, nje kuna baridi kali na hakuna anayefikiria joto kupita kiasi. Lakini silinda haipozwi na baridi ya uwanjani. Inapozwa na upepo unaopita kati ya mapezi, na upepo huo umezibwa. Upande mmoja wa silinda unachemka kuliko mwingine, hedi inajipinda, gasketi inapasuka. Kwenye injini za Onan za silinda mbili zilizolala zikielekea pande zinazopingana, kama ile P218 ya John Deere 318, joto la namna hiyo hulegeza kiti cha valvu, na kiti kikitoka mahali pake injini inapoteza silinda nzima. Onan ni injini nzuri mno, tulivu, yenye pampu yake ya oili, na nyingi zilizokufa hazikufa kwa uzee. Zilikosa hewa chini ya bati ambalo mwenyewe hakuwahi kulifungua.

Kwa hiyo fungua. Toa bolti za kava, ondoa bati lote, tumia kijiti na brashi na hewa ya kompresa kati ya kila pezi. Usitumie maji ya kasi. Yanakandamiza uchafu ndani. Fanya hivyo mara mbili kwa mwaka, zana zinapobadilishwa. Ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote kwa sababu baada ya kuimaliza trekta linaonekana vilevile.

Oili nayo ina kalenda mbili. Kwenye joto, oili ya SAE 30 inafaa. Baridi ikishuka chini ya sifuri inakuwa nzito mno, stata inakokota, na injini inazunguka mizunguko ya kwanza ikiwa kavu; hapo weka 5W-30 au 10W-30. Kohler za silinda moja za mfululizo wa K hazina pampu ya oili. Zina kijiko kidogo kwenye konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) kinachochota oili chini na kuirusha kila mahali. Ikipungua kidogo tu chini ya alama, au trekta likiegemea kwenye mteremko mkali kwa muda mrefu, kijiko kinachota hewa. Konrodi hukatika kwa sekunde moja na mara nyingi hutoka kupitia ubavu wa injini. Pima oili kila unapopanda, trekta likiwa pahali tambarare.

Theluji inaleta ujanja wake: mtu anawasha trekta, anasafisha njia kwa dakika kumi, anazima. Injini haikupata joto la kutosha kuvukiza maji yanayotokana na kuungua kwa petroli, na maji hayo yanajikusanya ndani. Ukiona utando mweupe kama maziwa kwenye kijiti cha kupimia oili, ndio huo. Maji yakiganda kwenye kipumulio cha injini, shinikizo hutafuta njia nyingine na kusukuma sili nje. Ukiwasha, iache ifanye kazi nusu saa, nje au milango ikiwa wazi kabisa. Moshi wa eksozi ndani ya banda lililofungwa unaua kimyakimya na hauna harufu ya kukuonya vya kutosha.

Ukisikia Kohler kubwa ya silinda moja, K241 kwenda juu, ikigonga ndani huku konrodi ikiwa nzima, kumbuka kwamba nyingi zina gia ndogo za kusawazisha mtikisiko, zinazozunguka juu ya beringi za sindano. Beringi hizo zikichakaa gia huvunjika na kupasua mwili wa injini. Mafundi wengi wakifungua injini ya namna hiyo huzitoa gia hizo na hawazirudishi. Mtikisiko unaongezeka kidogo, na mimi niko upande wao.

Kabla hujasema mgandamizo umekwisha, jua pia kwamba injini hizi zina kifaa kwenye kamshafti kinachoiachia valvu ya eksozi iwe wazi kidogo wakati wa kuwasha, ili stata isizidiwe. Ukifunga geji ya mgandamizo utapata namba ya kutisha kwenye injini nzima kabisa. Kipimo cha kweli ni kuingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi pistoni ikiwa juu, flaiwili ikiwa imezuiwa isizunguke, na kusikiliza inapotokea: kwenye kabureta ni valvu ya kuingiza, kwenye eksozi ni ile nyingine, kwenye kipumulio ni pete za pistoni.

Zana za theluji zina jambo moja ambalo ningependa kila mtu alifanye kabla anga halijawa kijivu. Parafujo ya kirusha theluji imefungwa kwenye mhimili wake kwa pini laini inayokatika parafujo ikibana jiwe au barafu, ili giaboksi isivunjike. Kila mtu anajua kwamba pini hiyo haibadilishwi kwa bolti ngumu. Wachache wanajua kwamba pini iliyo sahihi inaweza isilinde chochote. Mhimili na bomba la parafujo vikishikana kwa kutu, vinakuwa kitu kimoja. Pini ikikatika parafujo inaendelea kuzunguka vilevile, na giaboksi ndiyo inayopokea pigo. Kwa hiyo gonga pini itoke, shika parafujo kwa mikono miwili yenye glavu, na uizungushe peke yake juu ya mhimili. Isipotii, weka mafuta ya kulegeza kutu, piga kwa nyundo ya mpira, rudia kesho. Ikianza kuzunguka kwa uhuru, sukuma grisi kupitia nipeli mpaka itokeze pande zote mbili, ndipo urudishe pini. Injini iwe imezimwa na waya wa plagi umechomolewa. Bomba la kutupia theluji likiziba, tumia kijiti. Hata injini ikiwa imezimwa mkanda uliokazwa unaweza kuitupa parafujo robo mzunguko unapoondoa kizuizi, na vidole havirudi.

Bamba la kusukuma ni rahisi zaidi kwa mashine lakini linadai uzito. Trekta lisilo na uzito nyuma linazungusha magurudumu pahali pamoja. Minyororo kwenye matairi ya nyuma na vyuma vya uzito kwenye rimu ndiyo suluhisho. Wengine hujaza matairi maji yenye kalisiamu kloraidi, ambayo ni mazito na hayagandi, lakini tundu dogo kwenye tairi likivujisha, rimu huoza kwa ndani bila wewe kujua. Mimi nachagua vyuma. Theluji ya kwanza isukume mbali kuliko unavyodhani unahitaji, kwa maana rundo la kwanza likiganda ndilo linalokuwa ukuta wa njia msimu wote.

Matrekta yanayoendeshwa kwa haidrostatiki, yaani kwa mafuta yanayosukumwa kwa pampu, yanahitaji dakika za kupasha mafuta yake kabla ya kusukuma chochote. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa yameingiwa na maji, mara nyingi kupitia mpira uliochanika kwenye mkono wa gia. Yamwage yote, badilisha filta, na utafute maji yalipoingilia kabla hujajaza mapya.

Deki ya nyasi nitaipitia haraka. Noa visu kwa pembe ya kama nyuzi 30 na usawazishe uzito wake kwa kuvining'iniza kwenye msumari, kwa kuwa ncha ya kisu inaweza kukaribia mita 96 kwa sekunde, na kisu kilicholemea upande mmoja kinaua beringi kwa msimu mmoja. Mbele ya deki iwe chini kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Kwangua nyasi zilizoganda chini yake kabla ya kuivua na kuiweka kando kwa ajili ya theluji. Nyasi mbichi zilizobaki hapo zinashika unyevu na kutoboa bati, na deki hizi zimekuwa adimu kuliko injini.

Hilo ndilo linaloamua lini uache kulitengeneza trekta. Injini iliyotoboka unaweza kuibadilisha; watu hufunga injini mpya zaidi za silinda mbili kwenye fremu za 318 kwa kuwa vipuri vya Onan vimekuwa ghali na haba, na kazi kubwa iko kwenye kupanga urefu wa shafti na njia ya eksozi. Giaboksi iliyovunjika au deki iliyooza ni vigumu zaidi. Ukipata trekta la pili la aina hiyohiyo lenye injini iliyokufa na deki nzima, lichukue hata kama huna pa kuliweka, kisha anza kwa kuvua deki, swichi, kava la bati na kila kipande cha waya ambacho bado kinapinda bila kukatika.